Mwalimu mpya, mwanafunzi wa kidato cha pili ana watazamaji

Wewe uliyeripoti kituoni mwaka huu na kukabidhiwa kidato cha pili, shika hili kwanza: kijana wa miaka 15 akiwa peke yake si yule yule akiwa na wenzake.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu wa rika mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi wenzao walipokuwapo, kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika kiasi hicho. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kumzuia mtu, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20, ilhali zile za msisimko na sifa huchangamka mapema.

Sasa unamwambia mvulana wa nyuma, "Wewe, simama! Nimesema nini?" Darasa zima limemgeukia. Hapo hesabu imeshasahaulika, anatetea heshima yake. Atajibu kihuni, wenzake watacheka, utamtoa nje, kipindi kimekwisha. (Na fimbo? Anayechapwa mbele ya darasa asilie hurudi kwenye dawati lake shujaa.) Mimi humwacha kwanza. Napita kati ya madawati nikisahihisha, nikifika kwake naweka kidole kwenye daftari na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Hii hasi imepotelea wapi?" Mara nyingi anafuta na kuendelea.

Hamu hiyo hiyo ya kusifiwa na wenzake ni mtaji wako. Wape swali moja watatu watatu, kila kundi lije kutetea jibu lake ubaoni. Usiseme haraka nani kapata. Waache wabishane, na kelele zikizidi kidogo usiogope mkuu wa shule anayepita dirishani.

Kuhusu kusinzia, usikimbilie kuita uvivu. Katika rika hili usingizi huchelewa kuja usiku, na mwili unahitaji saa 8 hadi 10. Anayetoka prepo, masomo ya usiku ya bweni, saa nne na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri hajazifikisha. Mwombe mwalimu wa taaluma asikupangie dabo ya hesabu, yaani vipindi viwili mfululizo, mapema asubuhi. Akikataa, anza na zoezi la kuandika, maelezo yaje baadaye.