Usiniulize friji ya lita ngapi, niulize povu

Juzi kijana mmoja wa Bagamoyo kaniandikia. Kapata boti ya faiba, anataka kuhamia humo na mkewe, na swali lake ni moja tu: "Kaka, ninunue friji ya lita ngapi?" Nikacheka peke yangu. Kila anayetaka kuishi majini huanzia hapo, na sisi sote tunataka kitu kilekile: samaki asiharibike, maji yawe ya baridi, na asubuhi betri iwe na nguvu ya kuwasha injini.

Mimi naishi botini hapa ghuba ya Tanga, upande wa Ras Kazone. Maneno niliyoyasikia hamyajui. Eti mtu mzima kashindwa kodi ya chumba, kakimbilia baharini. Nilipoanza kujenga friji yangu ndiyo yakazidi. Nilikuwa nakata mapande ya povu gumu la poliyurethani, lile linalojazwa kwenye kuta za vyumba vya baridi, nayapanga tabaka juu ya tabaka mpaka unene ukafika sentimita 10 kila upande, chini nikaongeza. Jamaa yangu mmoja, tena tuliyewahi kula sahani moja, akasimama mbele za watu akauliza: "Huyu anajenga friji au kaburi?" Watu wakavunjika mbavu. Neno lile halijanitoka. Siku hizi tukikutana soko la samaki la Deep Sea, yeye ndiye huniomba nimhifadhie nguru wake mpaka kesho, na mimi humhifadhia, ila simwambii kitu.

Sasa sikilizeni. Friji inachofanya ni kuhamisha joto, kulitoa ndani na kulitupa nje. Joto likipenya kwa wingi, kompresa, ile pampu inayoendesha friji, haipati kupumzika, na botini kila dakika ya kompresa inatoka kwenye betri. Yangu ni Danfoss BD35 ya volti 12, siku hizi zinauzwa kwa jina la Secop. Chukulia inakula ampea 4 ikizunguka. Ikizunguka nusu ya siku, saa 12, ni ampea-saa 48 (ampea mara saa). Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo friji peke yake imeshaimaliza, hujawasha taa wala kuchaji simu. Punguza povu liwe nusu ya unene, joto linalopenya kutani linakaribia mara mbili, kompresa inazunguka usiku kucha. Hapo utanunua sola na betri kila mwaka ukidhani tatizo ni jua.

Povu jeupe la kufungia televisheni achana nalo. Povu lolote lifungwe kwa faiba na risini lisinywe maji, maana likishalowa halizuii tena joto.

Mlango uwe juu. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa mbele inamwagika miguuni, ukifungua wa juu inabaki humo. Wanawake watalalamika kuinama kutafuta nyanya chini kabisa, na mabaharia watalalamika zaidi. Wazoee. Mpira wa kifuniko upime kwa noti: ibane kwenye kifuniko, uivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo ndipo joto linapoingia. Zunguka pande zote nne.

Kuna wanaosema chukua friji ya nyumbani, weka inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Inveta nayo inakula umeme hata friji ikiwa imetulia, na kompresa ya nyumbani inapoanza kuzunguka hunyonya mara kadhaa ya kawaida yake. Friji ya gesi ya kupikia inataka kukaa sawasawa, na boti haikai sawasawa. Tena gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inazama ngamani, chini kabisa ya boti, na kusubiri cheche. Vile vijifriji vya bei poa visivyo na kompresa hunyonya betri mfululizo, na kwa joto la Februari hapa Tanga havifanyi kitu cha maana.

Waya, jamani! Fundi mmoja, simtaji, alitaka nimlipe hela ya kujaza gesi kwa sababu friji ilikuwa inakatika ovyo. Lakini kile kiboksi cha umeme cha kompresa ukikifungia kijitaa kinakusemesha: kikimulika mara moja, kikatulia, kikarudia, maana yake volti zinazofika ni ndogo. Kikimulika mara tano, kiboksi kimepata joto kupita kiasi, tafuta pa kupitishia hewa. Changu kilimulika mara moja. Nikabadilisha waya mwembamba nikaweka mnene, nikaufupisha, friji ikatulia. Fundi mpaka leo hanisalimii, utadhani mimi ndiye niliyetaka kumla hela.

Jua likiwaka sana, tumia umeme wa bure kugandisha chupa za maji, uziache humohumo usiku. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inabeba joto la karibu wati-saa 93. Kumi za namna hiyo na kompresa haina haraka mpaka alfajiri. Ukiwa karibu na mjini, bonge la barafu la wavuvi linafanya kazi hiyohiyo bila kugusa betri.

Haya, kijana wa Bagamoyo: kwa watu wawili lita 60 zinatosha. Ukiwa na nafasi ya lita 100 katika hiyo boti, chukua lita 60 na nafasi iliyobaki yote jaza povu. Akija mtu kukuchekea, muulize barafu yake jana ilidumu mpaka saa ngapi.