Uliza Fundi: Simu Ilisema Imejaa, Kumbe Kadi Tupu

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba nimekuta simu yangu ya kwanza ya Android kwenye boksi la mabodi mabovu, basi ikawa kama nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika, kila mtu ana kesi yake ya zile simu ndogo za kutachi za mwaka 2011, 2012, 2013 hivi, wengine hadi leo wana hasira nazo. Nimechagua matano, mliobaki msininunie, wengi mmeuliza kitu kilekile.

Fundi habari za kazi. Mwaka 2012 nilikuwa nauza khanga, mume wangu akaninunulia kisimu cha kutachi, nikakipenda kweli. Miezi mitatu tu kikaanza kisirani. Mteja akanitumia hela kwa simu, akanionyesha na meseji yake hela imetoka, kwangu haiingii kitu. Nikamshikilia na khanga zake karibu saa nzima, tukatoleana maneno mabaya mpaka leo tukikutana sokoni kila mtu anaangalia upande wake. Usiku nikakaa nafuta mapicha weee, baadaye mwanangu akaichukua akafuta gemu lake moja, mara tii tii tii zikaingia meseji kumi na moja kwa mpigo, ya yule dada imo! Kosa lilikuwa la nani? – Mama wa Tanga

Mama, kesho ukimwona sokoni mwanze wewe salamu maana yule dada wa watu hana kosa, na mtandao nao hauna kosa, hela yako iliingia palepale, kilichokwama ni meseji tu.

Iko hivi. Zile simu zilikuwa na stoo mbili, memori kadi unayochomeka mwenyewe na memori ya ndani ambayo huioni, na hiyo ya ndani ilikuwa kijichumba kweli. Samsung Galaxy Y ya 2011, ambayo watu walikuwa wanatamba nayo, ilikuwa na kama MB 180 za kuwekea vitu vyako, yaani video mbili tatu za harusi unazotumiwa siku hizi kwenye grupu zinaijaza. Sasa meseji za kawaida zinakaa humo ndani, haziendi kwenye kadi hata uweke kadi ya ukubwa gani. Nafasi ikikaribia kuisha inatokea alama juu kabisa ya kioo, ukivuta chini unasoma "Low on space", watu wengi walikuwa wanaifagilia mbali wanaendelea na mambo yao. Ikizidi kuisha simu inakataa meseji. Mtandao unaileta, simu inajibu sina pa kuiweka, mtandao unairudisha unaitunza halafu unajaribu tena baadaye.

Sasa sikiliza hapa pazuri: yale mapicha uliyofuta usiku kucha hayakusaidia chochote! Picha zilikuwa zinakaa kwenye kadi. Aliyekuokoa ni mtoto na gemu lake, maana gemu lilikuwa limekaa ndani, kulitoa tu chumba kikapata hewa na meseji zote zilizokuwa zimepanga foleni nje zikaingia. Na siku ile dukani ungepiga zile namba za nyota 150 za menyu ya pesa ukaangalia salio ungeiona hela yako, maana ile menyu inakuja kwenye kioo na kupotea, haihitaji kutunzwa mahali.

Hili ndilo lilikuwa tatizo namba moja pale Aggrey, Kariakoo, wakati nina meza yangu. Mtu anakuja kashanunua kadi ya GB 8, anaichomeka mbele yako, anakwambia fundi niangalizie, kadi tupu kabisa lakini simu inasema imejaa, nimerogwa? Android 2.2 iliyotoka 2010 ndiyo ilileta ruhusa ya kuhamishia programu kwenye kadi lakini ilikuwa ruhusa nusu nusu, programu nyingine zinakataa kuhama, na hata zinazohama zinaacha mizigo yao ndani, na zile zilizokuja na simu toka kiwandani huzitoi mpaka uiruti, yaani uifungue simu ikupe mamlaka yote ya ndani. Kwa hiyo tulichokuwa tunafanya ni kuingia kwenye programu moja moja tunasafisha kashe, yale makorokoro ya muda ambayo programu inajiwekea, kazi ya dakika mbili, tunatoza buku mbili, na mteja akirudi baada ya wiki tunatoza tena. Mnisamehe, kodi ya meza ilikuwa inatakiwa.

Sasa Fundi. Kwa droo ya mathe nimepata ile simu yake ya Huawei IDEOS ya 2011, iko na picha za babu ambaye alituacha 2014 na hatuna zingine. Kifuniko cha nyuma kimeinuka kidogo. Nataka kuichaji nitoe picha, halafu niweke WhatsApp iwe simu yangu ya pili. Naanzia wapi? – Msomaji wa Nakuru

Usiichaji! Narudia, usiichaji, kifuniko kuinuka maana yake betri imevimba. Uzuri wa simu za enzi hizo kifuniko unakifungua kwa kucha, betri unaitoa kwa kidole. Itoe taratibu, usiibonyeze, usiitoboe kuona kuna nini, usiitupe jikoni wala kwenye takataka za kuchoma, wapelekee wanaokusanya vyuma na vifaa vya umeme vilivyokufa.

Halafu tulia, simu yenyewe huihitaji. Ukishatoa betri angalia pembeni, kuna kadi ndogo kama ukucha. Kamera za Android za bei ya chini za wakati ule bila kadi zilikuwa zinagoma kabisa kupiga picha, kwa hiyo kama mathe alimpiga babu kwa simu hiyo basi babu yuko kwenye kadi. Ichomeke kwenye kirida cha kadi kwenye kompyuta, fungua folda lililoandikwa DCIM, ndimo kamera inamoweka picha. Kabla hujafanya lolote nakili zote mahali pawili. Kama kompyuta itakwambia kadi inataka kufomatiwa, USIKUBALI, itoe mpeleke mtu anayejua kurudisha vitu vilivyopotea. Picha zitakuwa ndogo, kamera ilikuwa megapikseli 3.2 na haina taa, za ndani ya nyumba zitakuwa na giza giza, lakini sura ya mzee utaiona.

WhatsApp sahau. IDEOS ilikuja na Android 2.2, na WhatsApp waliyaacha matoleo yote kuanzia 2.3.7 kurudi nyuma tarehe 1 Februari 2020. Google nao toka tarehe 27 Septemba 2021 hawakuruhusu kuingia kwenye akaunti ukiwa na simu za matoleo hayo, na ukijaribu kufungua tovuti nyingi za leo itakwambia muunganisho umeshindikana, maana usalama wa mtandao umeshabadilisha lugha na ile simu haijui lugha mpya. Itapiga na kupokea ukipata betri nyingine, basi.

Ila mwambie mathe namsalimu, alikuwa mtu wa mbele. Wenzetu wa Kenya mliipata mapema 2011 kwa kama shilingi elfu nane hivi, wakati simu nyingine za namna hiyo zilikuwa bei ya pikipiki mbovu. Kioo inchi 2.8, prosesa ya MHz 528, ukiandika meseji unangoja herufi zije zenyewe, lakini kwa watu wengi sana ndiyo intaneti ya kwanza kuishika mkononi mwao. Simu ya kwanza kabisa ya Android, HTC Dream, ilitoka Marekani 2008, kwa hiyo miaka miwili na kitu tu baadaye mama wa Nakuru naye anayo, si mchezo.

Kaka Fundi mimi 2013 nilikuwa chuo Dodoma, nikiweka bando usiku saa nne nikalala, asubuhi nakuta zero. Sijafungua kitu! Nilimtuhumu rumumeti kwamba anawasha hotspoti nikishasinzia anajiunganisha na laptopu yake, tukahamishana vyumba. Juzi kanialika harusini kwake, roho inanisuta. Alikuwa yeye au siye? – Mgeni mwalikwa

Hahaha, nenda harusini ila zawadi iwe nzito kidogo.

Simkingii kifua moja kwa moja maana hotspoti ilikuja na 2.2 hiyohiyo, kwa hiyo uwezo alikuwa nao. Lakini kwa uzoefu wangu mwizi alikuwa ndani ya simu. Ukishaingiza jimeili yako tu, simu inaanza kusawazisha barua pepe, kalenda, namba za watu, Facebook nayo inajivutia picha, na lile duka la programu, wakati huo wengi tulikuwa bado tunaliita Market ingawa lilishakuwa Google Play toka Machi 2012, ukiwa umeweka tiki ya kujiapdeti lenyewe basi linashusha programu usiku kucha wewe unakoroma. Sisi tulitoka kwenye simu za vitufe ambazo usipofungua intaneti haiendi, nani angejua kwamba hii inaenda yenyewe?

Na kibaya zaidi kulikuwa hakuna pa kuangalia nani kala ngapi. Ile orodha inayoonyesha kila programu imetumia MB ngapi ilikuja na Android 4.0, wewe kama ulikuwa na 2.3 kama wengi wetu ulikuwa unaona bando limeisha tu, kama sukari ya nyumba yenye watoto wengi, kila mtu anasema si mimi. Dawa ilikuwa ipo, unaingia kwenye mipangilio sehemu ya akaunti unatoa tiki mbili, "Background data" na "Auto-sync", au kama mimi, unazima data kabisa kabla hujalala. Tabia hiyo hadi leo ninayo, mke wangu ananicheka, tuna waifai ya mwezi na bado nazima.

Fundi hujambo. Kuna ubishi hapa barazani kwetu Mombasa. Mimi kwenye simu yangu ya zamani nilikuwa na ile programu ya kuua programu nyengine, kila nusu saa naua zote, na bado betri ikifika adhuhuri imekata roho. Mwenzangu asema hiyo ya kuua ndiyo iliyokuwa ikimaliza betri. Nani ana haki? – Wa barazani

Mwenzio. Mnunulie kahawa.

Android imejengwa iache programu zikae kwenye ramu, ile memori ya kufanyia kazi, hata ukishatoka, ili ukizirudia zifunguke upesi, na ikihitaji nafasi inaziondoa yenyewe. Kukaa tu pale hakuli chaji. Wewe ulipokuwa unaziua, nyingi zilikuwa zinajiwasha upya palepale, na kule kuwaka upya ndiko kunakokula. Ni kama mtu kachemsha chai kaiweka kwenye chupa, wewe kila baada ya nusu saa unaimwaga halafu mgeni akija unabandika upya, mkaa utadumu? Nakiri pale mezani na sisi tulikuwa tunawawekea wateja hiyo programu bila hata kuulizwa, tulikuwa tunaamini. Mteja akiona imeandika umeua programu kumi na nne anaondoka anatabasamu.

Waliokuwa wanamaliza betri ni kioo chenye mwanga mwingi, zile picha za nyuma zinazocheza cheza, samaki sijui majani yanaanguka, na zaidi ya vyote simu kuhangaika kutafuta 3G mahali ambapo haipo au ni ya kuvizia dirishani. Betri yenyewe ilikuwa mAh 1200 kwa simu nyingi za bei ya chini! Kulikuwa na tiki moja, "Use only 2G networks", ukiiweka unafika jioni. Intaneti inakuwa kobe lakini unafika.

Anko, 2016 simu yangu ilizimwa na serikali usiku wa manane wakati ilikuwa Android orijino kabisa, ina jina kubwa mgongoni, laini nne na antena ya kuvuta ya kuangalia TV. Naweza kudai? – Wa Mwanza

Kwanza haikuzimwa peke yake, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walizima simu feki zote tarehe 16 Juni 2016, na kabla ya hapo walitangaza miezi kibao kwamba ubonyeze *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, uitume kwenda 15090 uambiwe kama simu yako inatambulika. Kenya walishazima zao 2012. Waliangalia hiyo IMEI, hawakuangalia jina la mgongoni, na feki nyingi zilikuwa na namba isiyo ya kwake, au moja ileile imepigwa kwenye maelfu ya simu.

Halafu wewe una bahati kama kweli ilikuwa Android. Nimefungua nyingi za aina hiyo, picha za kwenye kioo ni za Android, ukiwasha karoboti ka kijani kanakusalimia, ukitafuta Market haipo, ukiigusa ile picha yake inafungua gemu la nyoka. Sasa unaniambia laini nne na antena ya TV. Mwanangu, antena?