Kanji kwenye kifuniko cha gari

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi fundi gereji, Mwanjelwa, Mbeya. Kifuniko cha gari lililotoka Japani kina herufi 油. Siwezi kuichapa, nitaitafutaje, na asili yake nini?
Fundi, Mbeya

JIBU: Marahaba. Ingia Jisho.org, kamusi ya Kijapani mtandaoni, fungua utafutaji wa kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) kwa sehemu zake. Chagua 氵, sehemu ya kushoto ya herufi yako, kundi la mistari 3 (mstari ni mkupuo mmoja wa kalamu), kisha tazama kanji za mistari 8. Ukipata 9 umehesabu vibaya: ubavu wa juu na wa kulia wa kisanduku cha sehemu ya kulia, 由, huchorwa kwa mkupuo mmoja. Maana yake ni mafuta. Asili itazame Wiktionary, kamusi huru ya mtandaoni: 氵 hudokeza kimiminika, 由 hutoa sauti tu, “yu”. Kanji nyingi zimeundwa hivyo. Zile hadithi tamu zinazoeleza kanji kama picha mara nyingi ni za kukaririshia tu, si asili yake.