Maswali ya Wasomaji: Kung'oa Jino Baada ya Mionzi

Mama alimaliza mionzi ya saratani ya ulimi miaka mitatu iliyopita kule Eldoret. Sasa gego la chini limevunjika na linamuuma usiku. Kliniki moja mtaani inasema italing'oa kesho kwa vile muda umeshapita. Tukubali? – Msomaji, Kisumu

Kesho hapana. Muda kupita hakumwondolei mama hatari. Mfupa uliopigwa mionzi hupoteza mishipa midogo ya damu na chembe za kuujenga polepole, kwa hivyo mwaka wa tatu si salama kuliko wa kwanza. Taya la chini ndilo huumia zaidi, kwa sababu ni gumu na hutegemea sana mshipa mmoja unaopita ndani yake, ilhali la juu hulishwa na mishipa mingi. Jino likitoka hapo, ufizi unaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa.

Anzeni kwa kutafuta muhtasari wa mionzi hospitalini alikotibiwa. Kadi ya kliniki haitoshi. Mnahitaji karatasi inayoonyesha kipimo kwa grei (kizio cha kupimia mionzi), sehemu zilizopigwa na tarehe ya mwisho. Matibabu ya kuponya saratani za kichwa na shingo mara nyingi hufika grei 60 hadi 70. Ikiwa mfupa unaoshika gego hilo ulipata zaidi ya 50, mhesabuni mama kuwa yuko hatarini. Ukipita 60, hatari ni kubwa. Ikiwa gego lilikuwa nje kabisa ya eneo la mionzi, litang'olewa kama jino lingine lolote. Bila karatasi hiyo, daktari wa meno anabahatisha.

Kisha muulizeni kama jino linaweza kubaki. Mzizi husafishwa na kuzibwa, sehemu ya juu iliyovunjika ikakatwa hadi usawa wa ufizi, na kisiki kikaachwa humo. Hakipendezi, na mama hatatafunia upande huo, lakini sisi tungechagua kisiki kilichotulia kuliko shimo lisilopona. Kikwazo ni mdomo. Mionzi hukaza misuli ya taya, na mdomo usiofunguka kufikia milimita 35, yaani karibu upana wa vidole vitatu, humzuia daktari kufikisha vyombo kwenye magego ya nyuma.

Ikibidi kung'oa, afanye daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya katika hospitali ya rufaa. Mama atapigwa picha ya taya zima na kusukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua viini mdomoni. Gego hukatwa vipande ili kila mzizi utoke peke yake bila kulazimisha mfupa, kingo kali za mfupa husawazishwa, na ufizi hushonwa bila kuvutwa. Ni jino moja au mawili kwa siku, na mengine husubiri pengo la kwanza lifunge. Madaktari wengi huandika antibayotiki kabla na baada. Tafiti zikijumlishwa, kama watu 7 kati ya 100 wanaong'olewa meno baada ya mionzi hupata mfupa uliokufa. Waliobaki hupona, lakini hakuna anayejua mapema mama yuko upande gani. Baada ya hapo akaguliwe mara kwa mara hadi ufizi ufunike kabisa.

Kwa sasa anaweza kutumia parasetamoli. Uvimbe wa shingo, homa au shida ya kumeza havingoji miadi: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mume wangu anaanza mionzi ya koo. Daktari wa meno anataka kung'oa magego manne ambayo hata hayaumi. Je, si biashara hiyo? – Msomaji, Nakuru

Tunaelewa wasiwasi wako, ila ushauri huo ni sahihi ikiwa magego yana uozo mkubwa, yanalegea, yana mizizi iliyobaki, au ufizi umeachana nayo kwa milimita 6 au zaidi. Jino kama hilo lisilouma leo linaweza kuuma baada ya miaka michache, na kuling'oa wakati huo ni kazi ya hatari tuliyoeleza hapo juu. Mwambie akuonyeshe kila jino kwenye picha na akupe sababu yake. Jino zima lililo mbali na eneo la mionzi halina sababu ya kutolewa.

Kati ya kung'oa na mionzi ya kwanza kuwe na angalau siku 14. 21 ni bora zaidi, mradi saratani yenyewe haicheleweshwi. Kuna jambo ambalo watu husahau: meno yatoke kabla ya kutengeneza barakoa ya plastiki inayoshika kichwa mezani. Uso uliovimba ukipimiwa barakoa, uvimbe ukishuka italegea, na mionzi ikahitaji kupimwa upya. Katikati ya matibabu msing'oe chochote ila kwa dharura.

Meno yangu yamekuwa kahawia tangu utotoni kwa maji ya kisima. Baada ya mionzi nimeambiwa nipake floraidi kila usiku. Si nitaongeza ubaya? – Msomaji, Gilgil

Hapana. Rangi hiyo iliingia meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya utotoni. Floraidi ya kupaka haiwezi kuiongeza ukiwa mtu mzima. Nayo rangi haikukingi. Mionzi imekausha tezi za mate, na bila mate meno huoza haraka, hasa shingoni mwa jino karibu na ufizi.

Jeli ya sodiamu floraidi asilimia 1.1 huwekwa kwenye vibao vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, vikakaa dakika 5 hadi 10. Tema yote, usisukutue wala kula kwa nusu saa, na weka chupa mbali na watoto. Epuka jeli yenye tindikali, maana itachoma kinywa kikavu. Zoezi hili ni la maisha. Maji ya kunywa ni suala jingine: kama kisima kina floraidi nyingi, kunyweni ya mvua au yaliyochujwa. Na acha kunywa chai ya sukari kidogo kidogo mchana kutwa. Maji matupu yanatosha.

Baada ya mionzi, mfupa mweupe umejitokeza ndani ya mdomo, hauumi. Jirani ananiambia nisugue kwa chumvi na majivu. – Msomaji, Busia

Usisugue wala usijaribu kuuvuta. Nenda hospitali ya rufaa wiki hii, kwa sababu jambo la kwanza ni kuhakikisha saratani haijarudi. Mfupa ulio wazi katika eneo la mionzi kwa zaidi ya miezi mitatu, bila saratani, ndio mfupa uliokufa kwa mionzi. Mdogo hutibiwa kwa kusukutua, kutoa vipande vilivyolegea na kusubiri. Kuna pia vidonge vya pentoksifilini, dawa ya kusaidia damu kupita, miligramu 400 mara mbili kwa siku pamoja na vitamini E, kwa miezi mingi, chini ya daktari, kwani zinaweza kuongeza kutokwa damu. Taya likivunjika au usaha ukitoboa shavu, sehemu hukatwa na kujengwa upya, mara nyingi kwa mfupa wa mguuni.

Tumbaku na chang'aa viishe leo. Na mtu akikushauri uuze ng'ombe ukatafute tiba ya chumba cha oksijeni (kupumua oksijeni chini ya shinikizo), muulize daktari wako kwanza: jaribio la HOPON la Uingereza, lililochapishwa 2019, halikuona kwamba oksijeni hiyo inazuia tatizo hili baada ya kung'oa meno.