Jibu: Jumamosi inaliwa na nguo, banda la kuku haliishi

Pole dada. Umesema unafika nyumbani saa moja jioni, Jumamosi nzima unafua, na banda la kuku limebaki kuta tu tangu Machi. Nimepitia hayohayo.

Kilichoniokoa ni kuacha kurundika nguo. Sare za watoto na nguo nyepesi nazifua jioni wali ukiwa motoni, ndoo moja tu, robo saa. Jumamosi zinabaki shuka na jinzi. Maharage naloweka kilo nzima Ijumaa usiku, asubuhi nachemsha, nagawa kwenye makopo manne na kuweka friza. Katikati ya wiki ni kuunga tu, na nazi naitia siku hiyohiyo.

Banda sasa. Ukisubiri "nikipata nafasi", mwakani litakuwa hivyohivyo. Likate vipande vinavyoisha asubuhi moja: leo mbao, Jumamosi ijayo wavu, nyingine bati. Cha kuangalia zaidi ni sakafu ya zege, maana inataka kumwagiliwa maji kama siku saba ili ikomae vizuri. Ipangie wiki ambayo maji hayakatiki na kuna mtu nyumbani mchana. Mimi niliimwaga Jumapili, Jumatatu nikasafiri, jua kali. Niliporudi ina nyufa kama ramani, na fundi nikamlipa mara ya pili.

Halafu huyo kijana wako wa kidato cha pili, vyombo vya usiku ni vyake. Atanuna wiki mbili hivi.