Kuwania kiti cha MCA 2027 kwa mara ya kwanza: sajili, sahihi na mawakala

Aliyeanzisha uzi anataka kuwania uwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, yaani kiti cha MCA, katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 10, 2027. Hajawahi kugombea chochote, na anauliza aanze kutafuta pesa au chama. Aanze na sajili ya wapiga kura. Pesa na chama atavipanga vizuri akishajua anatafuta kura ngapi na ziko kijiji gani.

Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura milioni 22.1 waliojiandikisha, vituo 46,229 na wadi 1,450. Ukigawanya, wadi ya wastani inapata wapiga kura kama 15,000 na vituo 32. Yako inaweza kuwa mara mbili ya hapo au nusu yake, kwa hiyo tafuta takwimu zake halisi. IEBC, tume ya uchaguzi, ilichapisha idadi ya waliojiandikisha kwa kila kituo, na fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, zinaonyesha waliojitokeza kweli. Kituo kimoja hakizidi watu 700, ndiyo maana shule moja ya msingi huwa na vituo vitatu au vinne, kila kimoja na darasa lake. Chukua daftari, kila kituo ukipe ukurasa: waliojiandikisha, waliopiga, vijiji vinavyopigia pale, na nani anasikilizwa pale, awe mwenyekiti wa steji ya boda, mama wa chama cha akiba au mzee wa Nyumba Kumi. Wakijitokeza watu elfu kumi na wagombea wakawa wanane, kura 3,000 zinaweza kumpa mtu kiti. Hizo utazitafuta kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Msafara wa magari unapita tu.

Kabla hujatangaza nia, angalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama umeandikishwa chama chochote. Wakenya wengi wamejikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Ukitaka kuwa mgombea huru, Katiba inakutaka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa 2027 hiyo ni mapema Mei, lakini usingoje hapo. Jiuzulu mapema na utunze ushahidi wa tarehe. Walio kwenye ajira ya umma wana kalenda yao: sheria ya uchaguzi inataka wajiuzulu miezi sita kabla.

Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliojiandikisha katika wadi hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi huangukia. Kusanya sahihi 700 au zaidi, kwa sababu kuna watakaofutwa: mtu anaishi kwako lakini alijiandikisha kwao shambani, mwingine ametia sahihi mara mbili, mwingine namba yake ya kitambulisho imeandikwa mbiombio na 7 ikasomeka 1. Mkusanyaji aandike namba akiwa na kitambulisho mkononi, asiandike ya kutajiwa kwa mdomo. Jioni mtu mwingine azikague upya, na orodha iingizwe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Alama yako ya uchaguzi iwasilishwe kwa tume angalau siku 21 kabla ya uteuzi, na chagua kitu ambacho bibi asiyesoma atakitambua kikichapishwa kidogo. Chungu kinafaa. Tarakilishi haifai.

Kwa upande wa chama, soma kanuni zake za mchujo kabla ya kulipa ada. Ukiona kipengele kinachoruhusu tiketi ya moja kwa moja, yaani bila mchujo, jua kwamba unaweza kuwa na umati na bado cheti kikaenda kwa mwingine. Malalamiko huanzia kwenye kamati ya chama chenyewe, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Ukiruka hatua ya kwanza, jopo linaweza kukurudisha ulikotoka, na siku zinakwisha.

Makaratasi ya uteuzi si mengi ila hayasamehe. Ada ya MCA mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuna fomu ya kujitangaza kuhusu maadili, ambayo unaiapia mbele ya kamishna wa viapo au hakimu; usiitie sahihi nyumbani ukiwa peke yako. Majina yako yafanane katika kila karatasi. Na kama mtaa mzima unakujua kwa jina la utani ambalo halimo kwenye kitambulisho, anza sasa kulihalalisha kupitia wakili, maana mpiga kura atatafuta jina analolijua.

Ahadi zako zifuate majukumu ya kaunti: zahanati, chekechea, masoko, maji, barabara ndogo. Shule za sekondari na polisi si zako. Soma mpango wa kaunti wa miaka mitano, utoe miradi iliyoandikwa kwa wadi yako na ukaitembelee. Kiwanja chenye msingi ulioota nyasi kinazungumza na wananchi kuliko hotuba.

Kuhusu hela za mkononi, wapo watakaokwambia bila unga na nauli hupati kitu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu pia chakula na kinywaji cha kumshawishi mpiga kura kuwa hongo, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni mbili, kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Halafu ukweli wa mtaani ni kwamba anayegawa atagawa kuliko wewe, na watu watakula kwake na kwako.

Pesa yako ya kwanza iwe ya mawakala, watu wako wa kukuangalizia kura vituoni. Vituo 32 kwa shilingi 1,500 ni 48,000. Ongeza wa akiba watano, chakula cha usiku na usafiri. Mgombea mgeni humaliza hela kwenye fulana na mabango, kisha siku ya kura anaomba binamu wakae vituoni bure. Wagombea wa chama wana mtego mwingine: chama huteua wakala mmoja kwa wagombea wake wote katika kituo, na wewe unaruhusiwa kuweka wako pale tu ambapo chama hakijaweka. Mara nyingi huyo mmoja yuko pale kwa ajili ya gavana au mbunge. Kaa na chama mapema mgawane vituo kwa maandishi.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo anapiga kura. Urais huhesabiwa kwanza. Wakala asiyejua hilo husikia matokeo ya urais, anaaga, na karatasi za MCA zinahesabiwa yeye akiwa njiani. Mfundishe abaki hadi fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA ya kituo, ijazwe. Ahesabu mwenyewe, alinganishe kura halali na zilizokataliwa na idadi ya waliopiga, na akiona kasoro aombe kuhesabiwa upya. Kanuni zinaruhusu hivyo mara mbili tu. Akikataa kutia sahihi aandike sababu, kwa kuwa kususia tu hakubatilishi matokeo, na kutokuwepo kwake pia hakubatilishi. Achukue nakala yake na aipige picha, kisha apige picha ile iliyobandikwa mlangoni.

Picha hizo zifike kwa mtu wako mmoja mwenye daftari, ajumlishe kabla hujaenda kwenye kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, ambako mshindi hutangazwa kwa fomu 36B, ile ya jumla ya wadi. Makosa ya kujumlisha hukamatwa hapo, kabla ya kutangazwa. Baada ya hapo ni mahakama ya hakimu: siku 28 za kuwasilisha kesi, dhamana ya shilingi 100,000, uamuzi ndani ya miezi sita. Wakili wako atakachoomba kwanza ni zile 36A.