Kabla jina lako halijaingia kwenye orodha

Wadogo zangu mnaomaliza masomo pale Malimbe na kuanza kubisha hodi kwenye ofisi za magazeti mjini, niwaambie nililojifunza kwa kuumia. Chumba cha habari nilichofanyia kazi hapa Mwanza kilipunguza watu mara mbili. Mara ya kwanza nilibaki. Mara ya pili jina langu lilikuwemo.

Msidhani orodha ile hupangwa kwa kuangalia nani anaandika vizuri. Yetu ilipangwa makao makuu na watu wa hesabu, mbele yao mishahara, pango la ofisi na mafuta ya gari. Matangazo yamepungua, msomaji anapata vichwa vya habari bure kwenye simu, na karatasi na wino havijashuka bei. Ukilitazama gazeti kwa jicho hilo, ofisi ya mkoa ni gharama tupu. Kwetu walitangulia msahihishaji na mpiga picha, halafu waandishi wa wilayani wanaolipwa kwa habari moja moja.

Wa Ukerewe aliondoka hivyo. Alikuwa na daftari la jalada la bluu, kona zake zimelainika kwa jasho, lenye namba za manahodha, viongozi wa mialo ya wavuvi, mpaka mama muuza chai wa gatini Bugolora. Aliondoka nalo, na lilikuwa haki yake. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia Bwisya kisiwani Ukara, hatukuwa na mtu ng'ambo ile. Watu zaidi ya 200 walikufa maji, nasi tumekaa mjini tunapiga simu za maofisa zisizopokelewa. Usiku nikampigia yeye. Akanisomea namba nne, taratibu, moja baada ya nyingine, wala hakuuliza malipo. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo anza daftari lako wiki ya kwanza. Nenda mwalo wa Kirumba alfajiri hata siku ambayo huna habari ya kuandika, wakuzoee. Sifa ya gazeti hubaki ofisini ukiondoka, lakini wanaokujua watapokea simu yako popote utakapokuwa.

Ila hilo daftari halitalipa kodi ya nyumba, na hapa ndipo wengi wetu tulizembea. Omba mkataba wa maandishi. Soma kama unaajiriwa au ni mwandishi wa kujitegemea, maana siku ya kupunguzwa neno hilo ndilo watakalokuonyesha. Hata hivyo, usikubali haraka ukiambiwa "wewe si mwajiriwa wetu." Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inatazama kazi yenyewe: anayekupangia kazi ni nani, unategemea kipato chake au la, umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mwandishi wa wilayani anayetumwa na mhariri kila siku ana hoja hapo. Tunza meseji za mhariri na kumbukumbu za malipo.

Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane nanyi namna ya kuepusha hilo na vigezo vya kuchagua wa kuondoka. Kikao cha dakika kumi, barua zikiwa tayari zimechapwa, si mashauriano. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyekaa 15 na aliyekaa 10 wanahesabiwa sawa, na kwangu huo ni uonevu kwa wakongwe. Dai pia cheti cha utumishi, na hakikisha michango yako ya NSSF iliwasilishwa kweli. Usingoje siku ya kuondoka ndipo uulize.

Ukiona umeonewa, unazo siku 30 tangu kuachishwa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Huzuni hula siku hizo upesi sana. Wawili kati yetu walikwenda zimepita.

Na nakala ya mkataba usiiweke ofisini. Mpelekee mama aifungie sandukuni. Yangu ilikuwa kwenye droo ya meza, na asubuhi niliyorudi kuichukua nilikuta kitasa cha mlango kimebadilishwa.